Msalaba Juu ya Wizara

Injinia Horacio Treviño alinichukia tangu siku ya kwanza, na mimi sikuchelewa kumrudishia. Yeye alikuwa mwakilishi wa Wizara kwenye ujenzi wa jengo lake jipya, kule kusini mwa Jiji la Mexico, juu ya ule mwamba mweusi ambao zamani ulikuwa moto wa volkano. Mimi, Eligio Xolalpa wa Chimalhuacán, nilikuwa fundi mkuu wa wapiga tindo. Alivaa helmeti nyeupe na viatu visivyo na vumbi. Sijui alifanyaje, maana vumbi la pale lilikuwa letu na lilikuwa kila mahali.

Nieleze kazi yenyewe, kwa sababu siku hizi watu hupita mbele ya kuta za namna ile wakadhani zilizaliwa hivyo. Zege letu lilichanganywa na kokoto za marumaru na mchanga wa rangi ya waridi. Likitolewa kwenye mbao huwa na uso laini wa kijivu, uso wa mtu asiyetaka kukwambia neno. Mpiga tindo huuvunja uso huo kwa nyundo, kidogo kidogo, mpaka marumaru yatokeze na ukuta uanze kushika mwanga. Ukipiga kwa woga unaacha ngozi. Ukipiga kwa hasira unafika kwenye nondo. Mtu aliyezoea akisimama chini anaweza kukwambia hapa alipiga fulani na pale alipiga fulani, kama unavyomjua jirani kwa mwendo wake.

Serikali hujenga ili iogopwe. Sina malalamiko juu ya hilo, ndiyo kazi yake. Waspania walibomoa mahekalu wakajenga majumba ya utawala kwa mawe yaleyale, na waliochonga mara zote mbili ni watu wa kwetu. Baadaye wakaja marais waliotaka nguzo za Kigiriki na mapaa ya Kifaransa, mapaa yenye mteremko mkali wa kumwaga theluji, katika jiji ambalo theluji hukaa juu ya volkano na haiteremki kumsumbua mtu. Mambo hayo niliyasoma jioni, kwenye shule ya watu wazima, kisha nikaenda kuyahakikisha kwa macho yangu. Jengo hili la Wizara lilikuwa la kwanza nililoona likisimama kama mtu wa hapa: zito, kimya, kuta zake zimeegemea nyuma kidogo kama piramidi, bila nguzo ya kuazima. Uso wake wa kusini ulitazama uwanja ambao wananchi wangepita wakienda kuomba shida zao. Uso huo ndio nilioutaka. Niliutaka upigwe wote kwa mkono, na watu wangu, kuanzia chini mpaka juu.

Treviño alitaka upigwe kwa mashine.

"Eligio," aliniita siku moja, bila kutanguliza Don ya heshima, mbele ya watu wangu waliokuwa juu ya jukwaa. "Hawa wanachonga ukuta au wanaukuna?"

"Wanachonga, Injinia. Anayejikuna ni mwenye upele."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nina nyundo za upepo Monterrey zinasubiri simu yangu," akasema. "Kazi mnayofanya mwezi, zinafanya wiki. Waziri anataka kuingia humu kabla ya sherehe za uhuru za Septemba. Wewe unataka aingilie dirishani?"

"Msanifu wa jengo amesema mkono."

"Msanifu anapenda mashairi. Ndiyo maana mkataba unasema mkono." Akanisogelea mpaka nikasikia manukato yake. "Lakini unasema pia kwamba kazi ikisimama hata siku moja kwa sababu yenu, Wizara inaruhusiwa kuleta watu wengine na vifaa vyao. Nasubiri siku hiyo tu. Mimi ni mvumilivu."

"Watu wa kwenu Monterrey wote ni wavumilivu," nikamwambia. "Wanasubiri mpaka mkate ulale ndipo waununue."

Wenye mkono wa birika hawapendi kuambiwa. Akaondoka, na tangu siku hiyo alianza kupita kwenye jukwaa letu kila asubuhi akiangalia saa yake, hata kama hapakuwa na la kuangalia.

Aprili ilipokaribia kwisha, akaipata siku yake. Tarehe tatu ya Mei ni Siku ya Msalaba, na hakuna mwashi katika Mexico yote anayefanya kazi siku hiyo. Tunapandisha msalaba wa mbao wenye maua mahali pa juu kabisa pa jengo, tunapiga fataki, tunakula. Jengo likiwa la tajiri, la maskini, la benki au la masista, msalaba unapanda. Treviño akawakusanya watu wote uani, akapanda juu ya rundo la mbao.

"Tarehe tatu ni siku ya kazi," akatangaza. "Hii ni nyumba ya Jamhuri, na Jamhuri haina dini. Hakuna msalaba utakaopanda humu. Asiyekuja kazini siku hiyo asije tena."

Crescencio, mzee kuliko wote katika kikosi changu, mtu aliyekuwa na vidole vitatu tu mkono wa kushoto na kwa hivyo vitatu akinishinda, alitema mate chini. "Basi asubuhi ya tarehe nne apande yeye," akasema. "Jengo lisilo na msalaba linadai mtu. Mimi sipandi."

"Wala mimi," akasema Tranquilino, mume wa mdogo wangu, fundi hodari na mdomo mrefu kuliko ustadi wake. Wengine wakaitikia.

Mimi nimesoma. Ningeweza kuwaambia kwamba anayeangusha watu ni kamba mbovu na pulke, pombe yetu ya mkonge, inayonywewa mchana. Lakini hata mimi sikuwahi kupanda jukwaa baada ya Siku ya Msalaba bila msalaba kuwa juu yake, na sikukusudia kuanza uzeeni. Kwa hivyo nilikuwa nimebanwa. Tukisherehekea, kazi inasimama tarehe tatu. Tusiposherehekea, inasimama tarehe nne. Vyovyote vile ukuta wangu ulikuwa unakwenda Monterrey.

Nilimsimulia mke wangu, Amparo, akiwa jikoni anamenya nopali, yale majani ya mpungate tunayoyala, anakata miiba bila hata kuitazama.

"Mnapigana kama majogoo wawili juu ya jaa moja," akasema. "Mfanye kompadre, yaishe."

"Nani? Yule?"

"Yule yule. Mwombe awe baba wa msalaba. Akatae mbele ya watu uone."

Kwetu, anayeubeba msalaba wa kazi yako anakuwa baba wa msalaba huo, na wewe na yeye mnakuwa makompadre mpaka kaburini. Kompadre humwiti kwa jina tupu. Humsengenyi hadharani. Humfukuzi kazini. Makompadre wakivunjiana neno, msalaba wao unashushwa, maana umekuwa mbao tu. Na siku ile ile ya msalaba, mbele ya walaji, kila mmoja wao ana haki ya kumwomba mwenzake jambo moja, na mwenzake hanyimi. Kwa kawaida watu huombana vitu vidogo, gunia la mahindi, au kusimamia ubatizo wa mtoto. Mimi nilijua tayari nitakachoomba. Ningeomba uso wa kusini upigwe kwa mkono mpaka mwisho, liwalo na liwe.

"Amparo," nikamwambia, "wewe ungekuwa waziri."

"Ningekuwa waziri ningekuwa na mtu wa kumenya hizi."

Jumapili baada ya misa tukaenda nyumbani kwa Treviño, mtaa wa Narvarte. Tulikuwa mimi, Crescencio, Tranquilino na wapiga gitaa wawili wa Chimalhuacán. Tulibeba kapu la mkate mtamu, chupa ya mezkali, ile pombe kali, na batamzinga hai mwenye utepe mwekundu shingoni. Gitaa zilianza kulia tangu kona ya mtaa. Majirani wakafungua madirisha. Nilikuwa nimewaambia wapigaji wasione haya.

Alifungua mlango mwenyewe, amevaa ndara. Sijawahi kuona mtu aliyechukia batamzinga kiasi kile.

"Eligio, una wazimu gani?"

"Tumekuja kwa heshima, Injinia. Tunakuomba uwe baba wa msalaba wetu, tarehe tatu."

"Nimeshasema hakuna msalaba. Chukua ndege wako uende."

Nyuma yake ikatokea sauti ya mwanamke mzee. "Horacio. Nani hao wamesimama juani?"

Ilikuwa ya mama mkwe wake, Doña Refugio, mtu wa Guanajuato, ambako watu hupiga ishara ya msalaba hata wakipita mbele ya duka la mishumaa. Hilo nilikuwa nimeliulizia mapema. Akaja mlangoni na fimbo yake, akatazama kapu, akatazama utepe, akaelewa yote kabla sijafungua kinywa.

"Wanataka ubebe msalaba?" akamwuliza mkwewe.

"Ni mambo ya vibarua, mama. Hayakuhusu."

"Msalaba haunihusu?"

Doña Refugio akaufungua mlango wote mpaka ukagonga ukuta.

"Karibuni ndani, wanangu. Yeye ameheshimika tu, hajazoea. Huko kwao wanapeana mikono na kuhesabu vidole baadaye."

Tukaketi kwenye viti vilivyofunikwa nailoni. Doña Refugio akaukata mkate, akampa Treviño kipande, akasimama mbele yake kama mtu anayempa mtoto dawa. Akala. Wote tulimwona akimeza. Crescencio akavua kofia, akasema, "Basi imekuwa."

Wakati wa kutoka Treviño alinishika mkono getini, akaubana.

"Umenitega kwa mama mkwe wangu."

"Kwa heshima zote, kompadre."

"Mimi si kompadre wako."

"Umekula mkate."

"Nisikilize, mchonga mawe wewe. Nitakulipa hili."

"Msalaba una maua yake," nikamwambia, "tutaleta sisi. Kondoo unaleta wewe. Baba wa msalaba ndiye anayelisha."

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Sikujua, na nilipaswa kujua, kwamba mtu wa Monterrey hatii sahihi kitu asichokisoma. Alipoona ametiwa ndani ya desturi yetu, alikaa na Doña Refugio jikoni wiki nzima akimwuliza: kompadre anafanya nini, hafanyi nini, nani anasema kwanza, nani anasimama wapi. Mama wa watu alifurahi. Alidhani mkwewe ameongoka.

Tarehe tatu alikuja na suti nyeusi. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba Jamhuri haina dini lakini Horacio Treviño ana mama mkwe, na kwamba siku hiyo haitahesabiwa kuwa kazi imesimama. Watu wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga, polepole.

Msalaba ulikuwa mrefu kuliko mtu, umepakwa rangi ya buluu, umefungwa karatasi za kukata na maua ya karatasi nyeupe. Alikataa kusaidiwa. Aliupandisha begani, ngazi kwa ngazi, ndani ya lile jengo lisilokuwa na milango bado. Vyumba vikubwa vikatupita kimoja baada ya kingine, vyenye harufu ya saruji mbichi, vinavyomngoja waziri. Kwenye kona ya mwisho ya ngazi msalaba ukamvuta nyuma na mguu wake ukateleza. Nilikuwa nyuma yake. Nilimshika mgongoni.

"Usiniguse," akasema, bila kugeuka.

"Ukianguka utaniangukia mimi."

"Hiyo peke yake ndiyo ingenifariji."

Tukaufunga juu kabisa, kwenye nondo zilizochomoza, uso wake kusini. Crescencio akaomba sala, fataki zikapanda, na milio yake ikagonga kuta zote za uani ikaturudia. Nilitazama chini, kwenye ule uso wa kusini, ambao tulikuwa tumeupiga robo tu. Sehemu iliyopigwa iling'aa kama sukari. Sehemu iliyobaki ilikuwa kijivu, inangoja. Nikasema moyoni, leo hii utakuwa wangu.

Meza ziliwekwa uani, mbao juu ya madebe. Kondoo alikuwa amepikwa shimoni usiku kucha ndani ya majani ya mkonge, laini mpaka mfupa unachomoka wenyewe. Doña Refugio aliketi kichwani mwa meza na Amparo kando yake, wakiongea kama watu waliozaliwa pamoja. Tortila, chapati zetu za mahindi, zilikuwa za moto. Pulke ilikuwa nzuri. Kondoo hakuwa wa mkono wa birika, hilo nilikiri.

Sasa, kuna adabu yake. Ombi la kompadre haliombwi kabla ya sahani ya pili. Sahani ya kwanza ni ya Mungu na ya wafu, ya pili ni ya walio hai, na mtu mwenye malezi husubiri mpaka watu wafute mikono. Hivyo ndivyo baba yangu alivyonifundisha, na baba yake alivyomfundisha yeye. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Niliketi wima, nikala taratibu, nikisubiri.

Treviño akasimama nusu ya sahani ya kwanza, bado ana mfupa mkononi.

"Kompadre," akasema. Alilitamka neno lile kama mtu anayejaribu kiatu cha dukani. "Mnajua mimi si mtu wa desturi hizi. Lakini nimejifunza. Mama mkwe wangu amenifundisha vizuri. Ameniambia leo nina haki ya ombi moja, na wewe huna haki ya kuninyima. Nimesema sawasawa, mama?"

"Sawasawa, mwanangu," akasema Doña Refugio kwa furaha. "Ila ni baada ya sahani ya pili."

"Nina haraka ya Kimonterrey," akasema. Watu wakacheka. Kisha akanitazama, na mara hii hakukuwa na mchezo usoni mwake. "Naomba uso wa kusini, kompadre. Nipe nipige kwa mashine."

Kicheko kilikatika. Nilisikia mtu akiweka kikombe chini.

Nilimtazama Crescencio. Naye alikuwa ananitazama, sahani mkononi, na nilijua anachofikiri kwa sababu nilikuwa nafikiri hicho hicho. Nikikataa, ukompadre umevunjika hapo hapo mezani, mbele ya nyama. Crescencio mwenyewe angepanda kuushusha msalaba, kwa kuwa ndiyo desturi, na kesho yake hakuna mtu wangu ambaye angepanda jukwaa. Kazi ingesimama, na mashine zingekuja kwa mkataba. Nikikubali, zingekuja kwa kinywa changu. Mtego ulikuwa wangu. Niliuchonga mwenyewe, na kwa mkono.

"Mchimba kisima," akanong'ona Tranquilino, na hakumaliza.

"Sema, kompadre," akasema Treviño. "Nyama inapoa."

"Ni wako," nikasema.

Tranquilino akasukuma sahani yake ikaanguka. "Umeutoa," akasema. "Ukuta wetu. Umeutoa kwa kipande cha kondoo."

"Kaa chini."

"Watu arobaini, shemeji. Unatupeleka wapi? Tukachonge mawe ya kusagia pilipili?"

"Nimekwambia kaa." Nikasimama mimi. Maneno niliyokuja nayo hayakunifaa tena, maana ombi halitangui ombi. Nililazimika kutafuta mengine pale pale. "Na mimi ni kompadre. Na mimi nina langu."

Treviño akaweka mfupa chini. Hilo hakulitarajia upesi hivyo. Nadhani alitegemea nitasubiri sahani ya pili.

"Omba," akasema.

"Mashine zije. Lakini zishikwe na hawa. Watu wako wa Monterrey walete vyuma, wawafundishe, waende zao. Hakuna hata mmoja wa hawa arobaini atakayetoka hapa kabla jengo halijaisha. Hata yule mwenye mdomo."

Nilimwona akitafuta upenyo, kama mtu anayesoma karatasi akitafuta maandishi madogo ya chini. Doña Refugio akagonga fimbo yake chini.

"Horacio. Mwenzako amekupa."

"Ni wako, kompadre," akasema Treviño, kwa meno.

Tukakumbatiana kama inavyotakiwa, mikono mgongoni. Alinipiga pigo la kukumbatia kwa nguvu mpaka nikakohoa. Nami nikampiga lake. Watu walitazama wakidhani ni mapenzi, au hawakudhani.

Mashine zilifika siku chache baadaye juu ya lori: kompresa mbili za manjano, mipira mirefu kama matumbo ya ng'ombe, na nyundo za upepo zenye ncha za chuma. Treviño akawaita watu wote mbele ya uso wa kusini.

"Heshima ya kuanza ni ya kompadre wangu," akasema, akaninyooshea nyundo moja kwa mikono miwili, kama anavyotolewa mtoto wa kubatizwa.

Niliipokea. Nilipobonyeza kishikio, kitu kile kikaingia mabegani mwangu, kikashuka mpaka kwenye meno. Kijivu kikaruka. Marumaru yakatokeza, mengi, meupe, kwa wakati ambao mimi ningekuwa bado natafuta pa kuweka tindo. Nilitaka iharibu. Niliisogeza huku na huku nikitafuta mahali ilipoharibu, na sikupata. Nikaizima.

"Vipi?" akauliza Treviño.

"Inapiga."

"Inapiga vizuri?"

"Nimesema inapiga."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Tranquilino akaja akaichukua mikononi mwangu, yeye aliyemwaga sahani, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa juu ya jukwaa akiipigia kelele kama farasi, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, anacheka. Vijana wengine wakagombania ya pili. Hakuna aliyekuja kuniuliza kama nimeumia. Nilikuwa nimewapigania wabaki, wakabaki, na walifurahi kuliko nilivyotaka wafurahi.

Nilichukua tindo zangu, nikazunguka nyuma ya jengo. Crescencio akanifuata bila kuitwa, na wazee wengine watatu. Uso wa kaskazini ni mahali pa malori ya taka na mitambo ya umeme. Hakuna mwananchi anayepita huko, wala waziri. Ukuta wake ulikuwa ule ule, zege lile lile, marumaru yale yale. Tukafunga jukwaa, tukaanza chini.

Tulipiga huko wiki baada ya wiki, na kelele za kompresa zikitujia juu ya paa. Nilipiga kama sijawahi kupiga. Kila mstari niliutazama mara mbili. Siku moja, kuelekea Agosti, Treviño alikuja. Viatu vyake vilikuwa na vumbi sasa, kule mbele hakukuwa na namna ya kulikwepa. Alisimama kando ya mapipa ya taka, akatazama juu, akatazama chini.

"Huku hakuna atakayeona, kompadre."

"Wewe umeona."

"Ningekuwa na akili ningeomba jengo zima."

"Ungeomba. Lakini ombi ni moja, na wewe ulikuwa na haraka."

"Uso wa kusini umekwisha," akasema. "Msanifu alikuja jana. Alipapasa ukuta, akasema mikono ya watu wetu haina mfano duniani. Nilitaka uisikie kutoka kwangu."

Crescencio juu ya jukwaa alisimamisha nyundo.

"Sikumwambia kwamba ni mashine," akasema Treviño. "Kompadre hamwaibishi kompadre. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

Akausogelea ukuta wetu, akanyoosha kiganja, akakipitisha juu ya marumaru, taratibu, kutoka begani mpaka kiunoni. Ulimchoma, nikaona. Alikitazama kiganja chake.

"Hauko sawa," akasema. "Kila mahali una mkono tofauti. Huyu mzee wa vidole vitatu anapiga kama mlevi."

"Basi usiguse, kompadre," nikamwambia, nikaweka tindo mahali pake, nikapiga.